Herufi Kando ya Mshale

Jumamosi, 3 Septemba 2011

Mvua tangu alfajiri. Mke wangu Zaituni amekwenda kwa dada yangu Hidaya kupanga harusi ya Nadia, nami nimefunga pazia na kuzitandaza sarafu zangu mezani. Mwanamume anayemwoza binti yake wa pekee ana haki ya asubuhi moja ya kukaa na dhahabu yake.

Dhahabu imepanda bei hadi watu wasiojua kitu wanaizungumza kwenye tramu. Jana ofisini Marie-Jeanne, tunayekaa naye meza moja kwenye idara ya madai, aliniuliza sarafu za Kimarekani zinauzwaje kwa gramu. Kwa gramu! Nikamwambia sarafu si nyama ya kutupwa kwenye mizani. Unaangalia mwaka. Unaangalia herufi ndogo inayosema ilipigwa mji gani. Unaangalia ngozi yake, maana sarafu ina ngozi, na ikisuguliwa mara moja tu imekufa; mjuzi ataitazama na kuisukuma kando. Kisha unajiuliza zimebaki ngapi duniani. Nilipofika hapo Marie-Jeanne alikuwa amesharudi kwenye kompyuta yake.

Za dola ishirini ziko tele Ulaya, zilivuka bahari zamani zikalala kwenye mabenki. Mimi nakusanya zile ndogo, za dola mbili na nusu, zenye kichwa cha Mhindi Mwekundu aliyevaa manyoya. Ukubwa wake ni sawa na senti mbili ya yuro. Picha haikuinuka kama kwenye sarafu nyingine, imezama ndani ya dhahabu kama alama ya kidole kwenye unga. Seti nzima ni kumi na tano. Ninazo kumi na nne.

Ninayoikosa ni ya mwaka 1911 iliyopigwa Denver. Ina herufi D ndogo upande wa nyuma, wenye ndege tai, kando ya ncha ya mshale. Nimeitafuta miaka kumi na moja, kwenye minada na kwenye maduka ya sarafu ya Rue du Midi. Mbili nilizowahi kuonyeshwa zilikuwa za kughushi, D imebandikwa. Niliziona kwa macho matupu. Nina miaka arobaini na nane na sijawahi kuvaa miwani. Lenzi niliinunua kwa ajili ya Nadia alipokuwa mdogo, apate kunifuata nikimweleza. Zaituni hupenda kunitania kwamba nikifa nizikwe na macho yangu pembeni, yasichafuke.

Jumapili, 4 Septemba

Mvua. Pilau. Sina la kuandika.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimekaa saa nzima na kalamu mkononi.

Leo Hamissi alikuja. Kwa atakayesoma haya nikiwa sipo: Hamissi ni Mrundi wa Buyenzi, na miaka kumi na tano iliyopita aliteremka Gare du Midi na mke, mtoto na mfuko mmoja, akalala kwenye sebule yangu hapa Saint-Gilles hadi alipopata nyumba. Huyo mtoto ndiye Djibril anayemwoa Nadia. Kazi ya Hamissi ni kusafisha nyumba za marehemu. Warithi wanamwita, anabeba kila kitu, siku za wiki anakipanga chini pale soko la mitumba la Jeu de Balle na kukiuza huku akicheka na wateja. Hajui tofauti ya fedha na bati. Nimemweleza habari za sarafu mara nyingi, ndiyo maana ananiita Prof, na kila mara anasinzia.

Aliingia na baridi yake, akakataa kuvua koti, akatia mkono mfukoni.

"Prof, angalia hii kitu. Nilipata mu boîte ya maboutons. Miye nilifikiri ni bouton ya veste ya militaire."

Akaiweka mezani, upande wa tai ukiwa juu. Sikuhitaji kuinama. Kando ya mshale kulikuwa na D.

Nikaigeuza. 1911. Nikaigeuza tena. Herufi imechipuka kutoka kwenye dhahabu yenyewe, haikubandikwa. Ngozi nzima, na ule wekundu wa mbali ambao dhahabu huupata ikiachwa kwa amani miaka mingi. Bibi mmoja wa mtaa wa Uccle aliiweka kwenye kopo la vifungo, akafa, na wanawe wakamwambia Hamissi beba yote.

"Bon," akasema, "ni or ao si or?"

"Ni dhahabu."

"Ya bei?"

Zaituni alikuwa anamimina chai. Saa ya ukutani ilikuwa inafanya kazi yake. Nilifungua kinywa nikijua kabisa neno linalotakiwa, na hili ndilo lililotoka:

"Ya kawaida. Thamani yake ni hiyo dhahabu iliyomo tu."

"Ah, tant mieux!" Akapiga paja. "Sababu sitaki kuuza. Nataka ivaliwe. Iko mwanamuke anaipenda sana kitu kama hii." Akamkonyeza Zaituni, na Zaituni akacheka, na mimi nikaelewa kwamba Mwanvua mkewe anataka kidani cha kuringia harusini.

Ameondoka nayo mfukoni pamoja na funguo. Pamoja na funguo!

Nina wivu. Nimeona afadhali niliandike neno lenyewe, maana usoni nimelificha jioni nzima. Miaka kumi na moja nimesoma, nimeandika barua, nimepanda treni hadi Uholanzi kutazama sarafu za uongo, na Hamissi ameokota dodo chini ya mwarobaini. Hata hajui kwamba ni dodo.

Jumatatu, 12 Septemba

Kazini, jengo letu lote karibu na Gare du Nord limegubikwa na ukungu. Nimefanya makosa mawili kwenye faili moja.

Jumapili, 18 Septemba

Kikao cha harusi, nyumbani kwa dada Hidaya. Harusi ni tarehe 19 Novemba. Niliandaa maneno ya kufungulia kikao, baba wa binti ndiye anayefungua. Kabla sijakohoa Hamissi akaanza kisa cha kabati alilolishusha kwa dirisha likakwama na paka ndani, na watu wakacheka hadi Hidaya akashika ubavu. Baada ya hapo maneno yangu yalikuwa kama chumvi iliyotiwa mara ya pili. Nikafupisha.

Nikauliza mahari. Hidaya akaniambia hilo halinihusu. Kwetu Ujiji binti hutaja mahari yake kwa shangazi, shangazi huipeleka kwa upande wa pili, na baba husikia siku ya nikahi. "Umesahau mila, Ibrahimu, au umekuwa Mbelgiji?"

"Asitake makubwa tu," nikasema.

"Ametaka dogo sana," akajibu, na wanawake wote wakatazamana.

Nilimtazama Mwanvua shingoni. Bado hana kitu.

Jumatatu, 26 Septemba

Dhahabu imeporomoka siku hizi chache. Magazeti yanalia. Nimempigia Hamissi makusudi kumpa habari, nisikie sauti yake ikishuka. Akasema, "Yangu haijaanguka, Prof, iko mu tiroir na machaussettes." Akacheka.

Kwenye soksi.

Jumapili, 2 Oktoba

Joto la ajabu, watu wamevaa kaptula Oktoba. Nimekwenda kwa Hamissi na sarafu yangu ya dola tano, nimeifunga kwenye leso. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Ijumaa.

Mwanvua alikuwa amekaa karibu na dirisha akichambua maharage. Ni mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Nikamwambia Hamissi kwamba ile yake ni ndogo mno kwa kidani, haitaonekana, na kwamba mimi kwa udugu wetu niko tayari kumbadilishia na hii, ambayo ni nzito mara mbili.

"Mara deux?" Hamissi akaipima kiganjani. "Prof, wewe ni muntu muzuri kupita kiasi. Mais kale kadogo ndiko kanatakiwa. Kwa shingo ya mwanamuke mwembamba."

Mwanvua si mwembamba, lakini mume akipenda huona anavyotaka. Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kunyamaza, nikasikia kinywa changu kinasema:

"Basi nitakupa ya dola kumi."

Mkono wa Mwanvua ukasimama juu ya maharage.

"Papa Nadia," akasema polepole, "juu ya nini unatoa kikubwa, uchukue kadogo?"

"Kwa udugu, mama Djibril."

"Udugu." Akaokota punje moja mbovu akaitupa pembeni. "Papa Djibril, tuipeleke kwanza mu magasin ya Rue du Midi. Waangalie nao."

Nikaanza kuikunja leso yangu. Hamissi akamgeukia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona amekasirika.

"Kupeleka kwa nani? Huyu anajua kuliko wale wote. Nililala kwake na mutoto. Akisema ni ya kawaida, ni ya kawaida. Unataka nimuhonte, nimupatishe haya?"

Mwanvua aliendelea kuchambua, ila alikuwa hatazami maharage.

Nimerudi kwa miguu. Ningependa kuandika kwamba imani ya Hamissi imenichoma. Ilinichoma baadaye, nilipofika uwanja wa Parvis. Pale pale kwake kilichonichoma ni kwamba sikuipata.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mvua imerudi. Zaituni ameniuliza kwa nini sizitoi sarafu siku hizi. Nimemwambia nimechoka macho. Ameweka mkono kwenye paji langu kama mtoto mwenye homa.

Jumapili, 9 Oktoba

Nadia alikuja kula. Anafanya kazi duka la dawa na anakuja na harufu ya pale. Alipokuwa na miaka tisa alikuwa akikaa gotini pangu na lenzi, namwuliza, "Herufi iko wapi?" naye anajibu, "Kando ya mshale, Baba!" kabla sijamaliza. Sina mwanafunzi mwingine niliyewahi kumpata.

Leo aliuliza jambo la ajabu: ile paundi ya dhahabu ya Bibi, mama yangu, ilikuwa na picha gani?

Nikamweleza. Mtu juu ya farasi anachoma joka. Mama aliivaa kwenye mkufu tangu siku ya nikahi yake, hata akisonga ugali, ikawa inagongana na kifungo cha gauni. Niliposhinda nafasi ya kusoma huku akaivua mwenyewe, akaipeleka kwa sonara, ikawa nauli. Shingoni palibaki alama nyeupe.

"Ulilia?" Nadia akauliza.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, niliwaza ndege tu."

Akaondoa sahani. Sijui kwa nini nimeandika hili kwa urefu.

Jumanne, 11 Oktoba

Mvua. Nimeota D.

Jumapili, 16 Oktoba

Naandika yote, hata yale nisiyoyapenda.

Soko la Gare du Midi, asubuhi. Zaituni alinituma nanaa na zeituni. Nikiwa kwenye foleni mkono ukanishika bega, na ni Hamissi na mfuko wa vitunguu.

"Prof! Mungu amekuleta. Naenda kwa sonara, pale nyuma ya gare. Ataweka ka-anneau juu, tupitishe mkufu." Akatoa sarafu kutoka mfuko wa shati. Aliifunga kwa karatasi ya msalani. "Miye nauliza ya mwisho. Mwanvua hanipi amani. Nikiweka anneau, sitaharibu kitu?"

Watu walikuwa wanapita, mwenye kuku wa kuchoma anapiga kelele, na gari moshi linapita juu ya daraja. Hamissi alinisubiri. Hakuwa ananijaribu. Alikuwa amesimama kama mtu anayemuuliza daktari, tayari kufanya lolote atakaloambiwa.

Nilikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha: subiri. Ningeweza hata kuusitiri uongo wangu wa kwanza, nikasema nimesoma upya, nimegundua. Angefurahi, angenikumbatia mbele ya zeituni. Kisha angekuwa yeye ndiye mwenye 1911 D, na watu wa Rue du Midi wangemfungulia mlango, na Jumapili pale kwa Hidaya angesimulia kisa cha kopo la vifungo hadi nife. Na mimi ningekuwa mtu aliyekaa pembeni na seti yake ya kumi na nne.

"Hutaharibu," nikasema.

"Merci, ndugu yangu."

Alikuwa ameshageuka. Ningenyamaza hapo, ingekuwa dhambi ya kawaida. Lakini nikamwita.

"Mwambie aisugue kwanza. Dhahabu nzee haing'ai."

"Ah, voilà! Muntu mwenye kujua!" Akainua kidole juu na kupotea kati ya watu.

Zaituni husema wivu ni kukitaka cha mwenzio, kijicho ni kutaka mwenzio akikose. Nimevuka kutoka wivu hadi kijicho nikiwa nimeshika nanaa. Nilisahau zeituni, na Zaituni amenigombeza, na nimefurahi kugombezwa kwa jambo dogo.

Jumatatu, 17 Oktoba

Sasa imeshasuguliwa.

Jumapili, 23 Oktoba

Nimetoa zile kumi na nne. Nafasi ya kumi na tano kwenye kisanduku ni tundu la duara lenye kitambaa cha bluu. Nililizoea kama jino lililong'oka. Leo siwezi kulitazama.

Jumapili, 6 Novemba

Idi. Hamissi ametuletea mguu mzima wa kondoo. "Wa wakwe," akasema. Amekonda kwa kukimbilia mambo ya harusi; amebeba viti vya ukumbi mgongoni, ghorofa tatu, sababu lifti imeharibika, na hakuna aliyemwomba. Nilimtazama akila na nikajaribu kumchukia kama zamani. Hajui kunyimana, ndicho kinachoniudhi. Ningekuwa na nusu ya wepesi wake nisingehitaji dhahabu ya Wamarekani.

Mwanvua bado hana kitu shingoni. Nikadhani anakiweka kwa siku yenyewe.

Jumapili, 20 Novemba

Harusi ilikuwa jana. Nimesubiri nyumba itulie.

Nikahi ilikuwa saa nane, kwenye ukumbi. Mimi ndiye walii. Sheikh alinishika mkono, Djibril akanishika mkono wa pili, na sheikh akauliza mahari. Dada Hidaya akatuma jibu kutoka upande wa wanawake. Sheikh akalitamka kwa sauti, kila mtu asikie:

"Mahari aliyoitaka bibi harusi ni sarafu moja ya dhahabu na mkufu wake, kama aliyokuwa nayo bibi yake."

Nilikuwa natakiwa kusema, nimekuozesha binti yangu kwa mahari mliyoafikiana. Sheikh alinirudia mara mbili. Watu walidhani ni uchungu wa baba, wengine wakaguna kwa huruma. Nikasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwanamke mwembamba. Dogo sana. Paundi ya Bibi ilikuwa na picha gani. Yote yalikuwa mezani tangu Septemba, na mimi niliyekuwa najisifia macho nilikuwa naitazama shingo ya Mwanvua.

Kisha wakamtoa Nadia. Vigelegele. Ilikuwa shingoni mwake, inawaka kama balbu. Sonara alifuata maagizo yangu. Ngozi yote imekwenda, wekundu umekwenda, manyoya ya Mhindi yamekuwa laini, na juu ya kichwa chake kuna kipete kilicholehemiwa, na mkwaruzo pale moto ulipopita. Wageni walisema mashallah. Nami nikasema mashallah.

Hamissi akasimama na kipaza sauti. Hakuna aliyempa.

"Miye sijui kitu ya masarafu. Mutoto alitaka ya dhahabu kama ya bibi yake, Mungu akanipa mu boîte ya maboutons. Nikamuuliza Prof, huyu hapa, mara deux, kweli si uongo: Prof, ni ya kawaida? Akasema ya kawaida. Alors sikuogopa kuweka anneau! Angesema ni ya bei, muke wangu angeniambia tuuze, tulipe salle!" Ukumbi ukacheka. "Mwenye macho haambiwi tazama. Merci, Prof. Ni macho yako yalimuvisha mutoto wetu."

Wakanipigia makofi. Nilisimama nikainama kidogo, kama wafanyavyo watu wa heshima.

Nilipoketi, nilimwona Nadia. Alikuwa ameishika sarafu kwa vidole viwili, ameigeuza upande wa tai, ameielekeza kwenye taa. Nilimfundisha mwenyewe kuishika kwa ukingo hivyo. Niliona midomo yake inasema kimya maneno mawili, matatu. Kando ya mshale.

Alinijia wakati wa kupiga picha, akanishika mkono huku mpiga picha anahangaika na taa yake.

"Baba."

"Naam."

"Baba Hamissi alipokuletea, ulitumia lenzi?"

"Sikutumia," nikasema. Ilikuwa kweli tupu.

Akanitazama. Sijui aliona nini. Macho yake yalijaa, akayapepesa asiharibu wanja.

"Ndiyo maana," akasema. "Baba umezeeka bila kutuambia." Akanibana mkono. "Usimwambie Baba Hamissi. Ataumia sana, na alifurahi. Ibaki kati yetu. Nitakutafutia daktari wa macho."

"Sawa, mwanangu," nikasema.

Tabasamu, akasema mpiga picha.

Jumatatu, 28 Novemba

Baridi kali. Nadia amepiga simu. Jumatatu ijayo saa nne, nisikose. Ameomba ruhusa kazini ili anisindikize, nimemkatalia.

Jumatatu, 5 Desemba

Daktari amenisomesha herufi ubaoni, kubwa hadi ndogo. Nilijaribu kukosea. Ni vigumu kuliko mtu anavyodhani, macho yanasoma kabla hujayakataza. Alinimulika, akaniandikia kwamba sihitaji kitu, akanipongeza. "Macho ya kijana, monsieur. Kwa umri wako ni nadra."

Nadra. Neno hilo hilo tunalolitumia kwa sarafu.

Nimekaa kwenye benchi ya kituo cha tramu, na karatasi ile mkononi. Nimwambie Nadia nini? Kwamba macho ni mazima? Basi nitakuwa nimemwambia jingine, na atalijua papo hapo, na kila akijitazama kwenye kioo shingoni mwake ataniona mimi. Nimeichana karatasi. Kisha nikaingia duka la miwani pale pale karibu na kituo, nikachagua fremu nzito nyeusi, nikaomba vioo visivyo na nguvu.

"Ni kwa urembo, monsieur?" msichana akauliza.

"Kwa urembo," nikasema.

Jumanne, 6 Desemba

Wabelgiji wamepata serikali leo, baada ya mwaka na nusu ya kuvutana. Miwani itakuwa tayari Ijumaa.

Jumapili, 11 Desemba

Tumekula kwa Hamissi, sote. Nimeingia nimevaa miwani. Zaituni ameshaizoea, anasema nafanana na baba yake. Hamissi alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta: "Sasa ni Prof kweli! Sasa ana figure!" Nadia alinisogelea akanirekebishia sikioni, akaniuliza naona vizuri? Nikamwambia, vizuri sana. Alikuwa ameivaa sarafu juu ya sweta. Ilipomgusa kifungo ililia ti, ti, na Zaituni akageuka, akasema, "Kama mama mkwe." Basi watu wakamkumbuka mama yangu kidogo, ambaye Hamissi hakumjua lakini aliuliza maswali zaidi ya wote.

Niliwatazama kupitia vioo vyangu vitupu. Bado nina wivu. Nilidhani ungekwisha sarafu ikifa. Sasa namwonea Hamissi wivu kwa lile asilolijua.

Chakula kilipokwisha niliivua miwani nifute mvuke wa chai, nikaiweka mezani. Mwanvua alikuwa anakusanya vikombe. Akaiokota. Akaivaa, akatazama dirishani, akatazama kalenda ya ukutani yenye tarakimu ndogo, akatazama mkono wake mwenyewe, karibu na mbali. Halafu akanitazama mimi.

Wengine walikuwa wanacheka jambo la Djibril.

Mwanvua akaivua polepole, akaipangusa kwa pindo la kitenge chake upande huu na upande ule, akanivisha mwenyewe kama mtu anayemvisha mtoto.

"Inakufaa, Papa Nadia," akasema, kwa sauti ya kunifikia mimi tu. "Usiivue."